Kuchoma CD na DVD: mambo ya kujua kabla hujaharibu diski ya mteja

Ukianza kazi kwenye steshenari, studio ya video au chumba cha kumbukumbu cha ofisi, siku si nyingi utakabidhiwa kopo la diski tupu na kuambiwa, "Choma hii, mteja anasubiri." Kubofya kitufe cha kuchoma hakuhitaji mafunzo. Mafunzo yanahitajika kwa yale unayofanya kabla ya kubofya, na baada ya trei kufunguka. CD-R na DVD-R huandikwa mara moja tu: leza inaunguza tabaka la rangi lililo ndani ya diski, na palipoungua hapafutiki. Faili likiingia vibaya umepoteza diski. Mteja akiondoka na diski isiyosomeka, na wewe umeshafuta mafaili yake kwenye kompyuta, umepoteza harusi ya mtu.

Anza na ujazo, maana hapo ndipo wageni wengi wanakwama. CD inabeba MB 700, au dakika 80 za muziki. DVD ya kawaida imeandikwa GB 4.7, lakini ukiiweka kwenye kompyuta yenye Windows utaona GB 4.37 tu. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa mafungu ya 1,024. Ndiyo maana folda ambayo Windows inasema ina GB 4.5 haiingii kwenye diski iliyoandikwa 4.7. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua "Properties", kisha soma idadi ya baiti badala ya GB: isizidi 4,700,000,000. DVD ya tabaka mbili imeandikwa GB 8.5, na Windows itakuonyesha kama 7.95. Blu-ray ya tabaka moja ni GB 25, lakini hiyo inataka raita (kifaa cha kuchomea diski) yake. Raita ya DVD haiwezi kuiandika wala kuisoma.

Hata ikiingia yote, usijaze mpaka ukingoni. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio wenye makosa mengi zaidi: ndiko vidole vinakoshika, na ndiko diski inakoyumba zaidi ikizunguka kwa kasi. Acha MB 200 au 300 wazi. Kazi ikizidi kidogo, igawe kwenye diski mbili kuliko kuibana.

Kuhusu alama za kujumlisha na kutoa, yaani DVD+R na DVD-R: raita za sasa zinaandika zote, ila kama diski inakwenda kuchezwa kwenye deki ya zamani sebuleni kwa mtu, chukua DVD-R. Zenye herufi RW zinafutika na kuandikwa upya, takriban mara 1,000, lakini zinaakisi mwanga kidogo kuliko zile za kuandikwa mara moja, kwa hiyo deki nyingi kuukuu huzikataa. Tumia RW kwa majaribio yako mwenyewe au kubebea mafaili kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Usimpe mteja kazi yake kwenye RW.

Ukiingiza diski tupu, Windows itakuuliza unataka kuitumia namna gani: kama flashi, au kwa ajili ya kicheza CD na DVD. Swali hili linapuuzwa sana na ndilo linaloleta malalamiko mengi. Ukichagua "kama flashi", kila faili unaloburuta linaandikwa papo hapo, na unaweza hata "kulifuta". Kwenye diski ya R, kufuta huko kunalificha faili tu, nafasi hairudi. Tena diski ya namna hiyo haisomeki kwenye deki nyingi, redio za gari na kompyuta za zamani. Ukichagua ile ya kicheza CD na DVD, mafaili yanakusanywa kwanza kwenye kompyuta, kisha yanaandikwa yote kwa mkupuo. Hiyo ndiyo ya kumpa mteja. Hakikisha tu diski C ina nafasi ya kutosha, kwa sababu mafaili yananakiliwa huko kwanza: kwa DVD iliyojaa, uwe na angalau GB 5 wazi.

Kwa kazi ya kila siku ni heri uwe na programu maalumu. ImgBurn ni ya bure, na ingawa toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, ni la mwaka 2013, bado inafanya kazi vizuri kwenye Windows za sasa. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, na wakati wa kuisakinisha soma kila ukurasa. Programu za bure mara nyingi huja na vitu vya ziada usivyovihitaji. Kwenye Linux kuna K3b na Brasero. Nero inalipiwa, lakini mantiki yake ni ile ile.

Utaratibu kwenye ImgBurn ni huu. Tengeneza folda ya kazi kwenye diski ya kompyuta, weka humo kila kitu kinachokwenda kwenye DVD, na kipange kama unavyotaka mteja akione. Usichome mafaili moja kwa moja kutoka kwenye flashi au simu. Flashi ikisita au ikilegea, uandishi unasimama. Fungua programu, chagua "Write files/folders to disc", buruta yaliyomo kwenye folda hiyo, na kwenye kichupo cha "Labels" andika jina la diski. Jina hilo ndilo litakaloonekana kila diski inapoingizwa, kwa hiyo liwe fupi na lenye maana: HARUSI_2_6 ni bora kuliko DISKI_MPYA. Bofya alama ya kikokotoo ili programu ipige hesabu ya nafasi. Hakikisha "Verify" ina tiki. Kisha chagua kasi.

Kasi inastahili maneno zaidi. Kwenye DVD, 1x ni kama MB 1.385 kwa sekunde. Kwenye CD, 1x ni KB 150 tu, kwa hiyo 16x ya DVD na 16x ya CD si kitu kimoja. Diski ikiwa imeandikwa 16x, iandike kwa 8x. DVD iliyojaa itachukua dakika nane hadi kumi, na kuhakiki kutachukua muda unaokaribia huo. Kwa kasi ya juu kabisa unaokoa dakika chache na unaongeza makosa, hasa kwa raita iliyochoka. Wapo wanaoshauri 1x au 2x kwa kila kitu. Si lazima, kwa sababu rangi ya diski za sasa imetengenezwa kwa kasi kubwa, na kwenda polepole mno hakuleti ubora wa ziada.

Majina ya mafaili nayo yana mipaka yake. Mfumo wa kupanga mafaili uitwao Joliet, unaotumika sana kwenye diski za data, unakubali herufi 64 kwa jina. Yakizidi yanakatwa au programu inalalamika. Faili moja likivuka GB 4, mfumo wa kawaida wa ISO 9660 hauliwezi, hata kama nafasi ipo. Hapo chagua mfumo mwingine, UDF. Ukiona video moja ya GB 4.2 inakataliwa kwenye diski yenye GB 4.37, sababu ni hiyo.

Diski ikishaanza kuandikwa, iache kompyuta ifanye kazi hiyo tu. Laptopu iwe kwenye chaji, na mpangilio wa kulala uwe umezimwa. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya diski ya R, diski hiyo ni ya kutupa. Raita nyembamba za nje zinakula umeme wa USB, na wakati wa kuandika zinahitaji mwingi kuliko wakati wa kusoma. Ndiyo maana raita inaweza kusoma vizuri lakini ikashindwa kuchoma: ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha USB, na kama waya wake una vichwa viwili, chomeka vyote.

Makosa utakayokutana nayo si mengi. Ujumbe wa "Power Calibration" maana yake leza imejaribu kupima nguvu inayofaa kwa diski hiyo ikashindwa. Badilisha kampuni ya diski kwanza, shusha kasi, na ikiendelea kwa diski za aina tatu tofauti, raita imekwisha au kioo cha leza kina vumbi. "Write error" inayotokea mwanzoni kabisa mara nyingi ni diski mbovu. Ikitokea mwishoni, kwenye ukingo wa nje, ni dalili ya diski za bei rahisi au kasi kubwa. "Cyclic redundancy check" inakuja wakati wa kusoma, na maana yake kilichoandikwa hakilingani na hesabu yake ya ukaguzi. Diski kadhaa za kopo moja zikigoma mfululizo, acha kopo zima. Usiendelee ukitumaini ya kumi itakubali.

Uandishi ukiisha, usitosheke na kuona orodha ya mafaili. Orodha imehifadhiwa mwanzoni mwa diski na inaweza kusomeka huku mafaili yenyewe ni mabovu. Uhakiki wa "Verify" unasoma diski yote na kulinganisha na chanzo. Ndiyo sababu hauachwi hata foleni ikiwa ndefu. Kisha itoe diski, iweke kwenye kifaa kingine, na ufungue faili la kwanza, la katikati na la mwisho. Kama ni video, sogeza mpaka dakika za mwisho. Ndipo ufute folda ya kazi.

Kuna suala la kuongeza mafaili kwenye diski ambayo haijajaa. Inawezekana kama diski iliachwa wazi, na programu inatakiwa iingize kwanza orodha ya sesheni (mkupuo wa uandishi) iliyotangulia. Ukisahau hatua hiyo, mafaili ya zamani yatatoweka machoni, ingawa bado yamo, na programu kama IsoBuster inaweza kuyafikia. Kila sesheni pia inakula nafasi: kwenye CD, ya kwanza inachukua MB 22 hivi na zinazofuata MB 13 kila moja, kabla hujaweka hata faili moja. Diski ya mteja ifunge kabisa. ImgBurn yenyewe haiongezi sesheni, na kwa mgeni hiyo ni faida.

Mteja akisema "nataka icheze kwenye deki", kunakili MP4 kwenye DVD hakutoshi. Deki inatafuta folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya IFO, BUP na VOB, na video ya MPEG-2. DVDStyler, ambayo ni ya bure, itakutengenezea hiyo folda. Chagua PAL, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, kwani ndio mfumo wa televisheni wa Tanzania na Kenya. Saa mbili kwenye diski ya tabaka moja zinakupa kama megabiti 5 kwa sekunde, sauti ikiwemo. Ukibana saa nne humo, nyuso za watu zitajaa vijisanduku. Harusi ndefu igawe. Kwa muziki, CD ya sauti inaishia dakika 80 hata kama nyimbo ni MP3 ndogo, kwa sababu zinafunguliwa kuwa sauti kamili. Redio ikiwa inasoma MP3, zichome kama data, na CD moja itabeba takriban saa 12 kwa ubora wa kilobiti 128.

Diski za hospitali, za CT-scan au MRI, zitunze kwa uangalifu wa pekee. Humo kuna faili linaloitwa DICOMDIR, lililo nje ya folda zote. Ukinakili picha peke yake ukaliacha, daktari wa pili anaweza kushindwa kuzifungua. Nakili diski nzima kuwa faili la ISO, yaani faili moja lenye nakala ya diski yote, kwa "Create image file from disc", kisha choma ISO hiyo.

Andika jina la diski kwa maka peni ya ncha laini, kamwe si kwa kalamu ya kawaida. Kwenye CD, tabaka la data liko karibu kabisa na upande wa juu, limefunikwa na vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa juu ni hatari kuliko wa chini. Kwenye DVD data imebanwa katikati ya vipande viwili vya milimita 0.6, lakini usibandike karatasi, maana inavuta diski upande mmoja na kuifanya iyumbe. Futa kwa kitambaa laini, kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Zihifadhi zikiwa zimesimama kwenye kava, mbali na jua na joto. Diski iliyoachwa dirishani au juu ya dashibodi inafifia rangi.

Kwa kumbukumbu za ofisi, choma nakala mbili kwenye diski za kampuni mbili tofauti na uziweke majengo tofauti. Kila diski iwe na namba, na orodha yake ibaki kwenye kompyuta. Fungua dirisha la amri na uandike dir E:\ /s > DVD-014.txt, ambapo E ni herufi ya raita yako. Utapata jina, ukubwa na tarehe ya kila faili bila kuchapa lolote kwa mkono. Mtu akiuliza mkataba wa miaka mitano iliyopita, unatafuta kwenye orodha, huingizi diski moja moja.

Mara moja kwa mwaka zisome zote kwa ukamilifu. Diski inayosomeka kwa kusitasita inataka kuhamishwa siku hiyo hiyo. Raita yako ikishindwa, jaribu nyingine kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa leza hutofautiana. Kwenye Linux, programu ya kuokoa mafaili iitwayo ddrescue huchukua kwanza sehemu nzima, kisha inarudia zilizogoma, na unaweza kuendelea na faili lile lile la ISO ukiwa umebadilisha raita.