Hilo Koti Mnalolipigia Hesabu

Mdogo wangu, nimeona ujumbe wako wa Jumapili. Nimeona pia yale mazungumzo ya kundi la familia, yakiwemo ambayo Tata, shangazi yetu, alidhani ameyafuta. Kumbe picha yangu moja tu, nimevaa koti kwenye kituo cha basi, inaweza kuzua kikao kizima. Wewe umeuliza kwa upole: "Dada, nikija Desemba nibebe nguo gani, na hayo mavazi unayatoa duka gani?" Tata hakuuliza kitu. Alisema koti kama lile si chini ya laki moja, kisha akawakumbusha watu kwamba kwa mazishi ya Baba Mdogo nilituma elfu tano.

Nakujibu wewe. Najua Tata naye atasoma, kwa hivyo Tata, shikamoo.

Koti ni mtumba. Nililinunua dola 22, kama shilingi 2,000 hivi, kwenye duka la hisani karibu na mwisho wa basi langu hapa Winnipeg. Ni koti la mwanamume, drafti nyekundu na nyeusi, sufu nzito, na mfukoni nilikuta risiti ya mafuta ya gari na peremende moja. Lile gauni la maua linalochungulia chini yake, dola 6. Zile soksi za mistari hazilingani, angalia tena picha. Na hiyo skafu mnayosema ni ya Italia ni leso, yaani kanga, ya shosho, nyanya yetu. Hamkuitambua kwa sababu nimeikunja jina likaingia ndani. Jina lenyewe ni "Usisafirie nyota ya mwenzio." Shosho alinifungia chapati nayo siku ya safari. Mpaka leo sijui kama aliichagua au ndiyo iliyokuwa juu kabatini.

Gikomba, soko letu la mitumba Nairobi, unaijua, sina haja ya kukuhadithia. Umemwona mama yangu akifungua robota alfajiri, wenye macho makali wakitoa kamera, zile nguo za daraja la kwanza, kabla jua halijachomoza, na jioni fagia, yale mabaki, ikimwagwa chini watu wachakure. Usichokijua ni kule robota linakoanzia. Watu huku wanapeleka nguo dukani bure. Duka linauza linachoweza. Zinazobaki zinauzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, zinachambuliwa, zinafungwa, zinapandishwa meli mpaka Mombasa. Mimi nazikamata kabla ya meli, basi. Lakini usidhani ni rahisi kuliko kwetu. Bei iko juu zaidi, na hakuna kubembelezana. Nilijaribu mara moja kuomba nipunguziwe dola mbili kwenye sweta. Mzee wa kaunta akanitazama kwa huruma, akaniandikia anwani ya kanisa linalogawa chakula.

Sasa nikuambie huu "mtindo" wangu ulikotoka, maana ndio mnaousifu.

Nilitua Januari 2022. Koti nililokuja nalo mama alinichagulia mwenyewe, kamera halisi, manyoya kwenye kofia, mtu akiliona anasema huyu ni rubani. Nairobi ikishuka nyuzi 11 mwezi wa saba, makanga wa matatu wanavaa makoti kama hayo na bado wanapuliza mikono. Mimi nikajiona nimejiandaa. Asubuhi yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa nyuzi 31 chini ya sifuri. Upepo ulipita kwenye lile koti kama linavyopita neno sikioni mwa mlevi. Jinsi ikakakamaa kama bati. Heleni zangu za chuma ziliniuma masikio mpaka nikazivulia ndani ya basi huku vidole havinitii. Machozi yakatoka yenyewe, yakagandisha kope.

Siku ya pili nikavaa kila nilichokuwa nacho. Sikutii kitabu chochote cha mitindo, nilitii baridi. Sweta nne, magauni mawili, suruali ya kulalia ya drafti juu ya jinsi, maua juu ya mistari juu ya madoadoa. Kazi yangu ni kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kukunja mashuka na taulo, na sare ya kazi ikakataa kufunga. Msimamizi akanisimamisha katikati ya chumba akaniambia nivue. Akawa anahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Alifika saba. Wenzangu wakacheka, wengine kwa huruma, na mimi nikacheka nao kwa sababu ningefanya nini? Kila nguo ilivyotoka nilikuwa naiweka juu ya mashine, na rundo lilikuwa na kila rangi ya Gikomba.

Jioni ile mama alipiga simu akauliza kama nina buti za theluji. Nikasema ninazo. Sikuwa nazo. Mshahara wa kwanza ulipoingia niliutuma karibu wote, nikaendelea na raba ambazo nilizifunga mfuko wa plastiki kwa ndani mpaka Machi. Hilo sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani, na Tata sasa amelijua kabla ya mama. Sawa tu.

Tata anataka hesabu, apewe. Mwaka 2020 serikali iliposimamisha mitumba kuingia nchini kwa sababu ya korona, kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti, mama alikaa bila robota jipya. Kodi ya kibanda haikusimama. Karo ya mdogo wangu wa mwisho haikusimama. Alikopa chama cha akiba, akakopa jirani, akakopa kwa simu ili alipe chama. Deni hilo ndilo nililolikunja ndani ya begi pamoja na chapati za shosho. Nimelimaliza mwaka jana mwezi wa kumi. Elfu tano ya Baba Mdogo ilikuwa nauli yangu ya basi, na aliyekuwa akininunulia mandazi nikitoka shule hakustahili elfu tano, najua. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote kwenye lile kundi.

Tuendelee na nguo kabla sijaandika mabaya.

Baada ya ile aibu nilianza kuingia duka la hisani kila Alhamisi nikitoka zamu. Siku nyingine sinunui, naota moto tu. Lakini mkono wa mama ninao. Nafumba macho napapasa. Sufu unaijua kwa vidole: inakwaruza kidogo, ina uzito, na ukiikunja inarudi polepole. Tafuta sufu. Sweta ya pamba ni adui huku, ukitokwa jasho ukikimbilia basi inalishika lile jasho na linakugeuka ukisimama. Geuza nguo ndani nje, usome lebo, kisha sahau wameandika ni ya nani. Upande wa wanaume ndiko kuna makoti ya maana, mifuko mikubwa na kola inayofika masikioni. Kagua kwapa. Kagua mishono kama kuna kunguni. Mimi hata nisipoona kitu, nafunga nguo kwenye mfuko naiacha roshani siku kadhaa kwenye baridi kali, hakuna mdudu anayebaki kuuliza maswali. Hiyo ndiyo faida pekee ya baridi hii. Na usije ukatia sufu kwenye mashine ya kukaushia kwa joto. Nilitia sweta ya kijani ya dola 9, ikatoka inamtosha mtoto wa darasa la kwanza. Nililia kwa ajili ya sweta, mdogo wangu. Mtu mzima.

Kuchanganya machapa, yaani michoro ya nguo, sasa. Hapa huna ujanja, kwa sababu mtumba hauji kwa seti. Unapata unachopata. Nikakumbuka mama alivyokuwa akitundika sweta kibandani: hakuziweka kwa saizi, alitafuta uzi mmoja wa rangi unaorudi. Sweta ya mistari yenye kijani kidogo ilikaa kando ya ya maua yenye jani la kijani, na mteja akasimama bila kujua kilichomsimamisha. Nafanya vivyo hivyo. Drafti kubwa ya koti, maua madogo ya gauni, na nyekundu ikirudi mahali pawili, shingoni na mguuni. Chapa kubwa mbili zikikutana zinagombana kama makanga wa matatu mbili kwa abiria mmoja. Ikibidi, weka kitu cheusi katikati ziachane. Na leso yenyewe ndiyo mwalimu wetu wa zamani: pindo lina chapa yake, mji, ile sehemu ya katikati, una chapa yake, na hakuna aliyewahi kumwambia shosho kwamba havilingani.

Kuna mzee kwenye basi aliniuliza drafti ya koti langu ni ya ukoo gani. Alimaanisha koo za Waskoti. Nikamwambia ni ya akina mama Gikomba. Akatikisa kichwa kwa heshima kabisa.

Nikubali jambo moja, hata kama linaharibu malalamiko yangu: napenda. Wakati huu wa mwaka jua linachwa saa kumi na nusu jioni, nje kila mtu amevaa nyeusi au kijivu, kama msiba usio na marehemu. Mimi natoka nimewaka. Ile asubuhi ya picha nilisimama mbele ya kioo dakika ishirini nikibadilisha leso, nikachelewa basi la kwanza, na nilikuwa na furaha. Kisha nikaituma picha, na furaha ikawa shilingi laki moja mdomoni mwa Tata. Ndiyo maana nimekasirika. Ningekuwa nimevaa matambara mngesema nimepotea. Nimependeza, mnasema nimeficha pesa.

Haya, maswali yako.

Usinunue koti Nairobi. Zile pesa zibadilishe ziwe dola, ulinunulie huku baada ya kupapasa. Au basi, nunua moja Gikomba la kutokea uwanja wa ndege, kwa sababu kutoka mlangoni mpaka kwenye gari kunatosha kukufanya ulie. Mwambie mama akuchagulie, lakini mwambie asitazame manyoya, atazame ndani. Soksi za pamba acha. Nguo za ndani za kubana za sufu ndizo kitu pekee utakachonunua kipya. Cha mtu mwingine hicho sivai, hata mimi nina mpaka. Buti pia nunua mpya ukiweza, mguu hausamehe. Usibebe jinsi tano. Usije na raba nyeupe za kupigia picha. Heleni, chukua za shanga.

Na kama unaweza kusubiri, subiri. Maliza kozi yako. Nairobi ina baridi ya sweta moja na chai, na hujui ilivyo anasa hiyo. Ukija Desemba utanichukia kwa kutokukuzuia. Usipokuja, utasema dada alipanda akavuta ngazi. Nimewaza hilo sana usiku kwenye mashine, na kila mzunguko nakuja na jibu tofauti. Njoo Mei, basi. Mei theluji imekwenda, utapata miezi kadhaa ya kujifunza mabasi kabla haijakutafuta. Lakini viza ikitoka ya Desemba, usiwaambie nimesema Mei.

Ukishuka mjini pitia Biashara Street unichukulie doti mbili za leso, zenye nyeusi na njano ndani, chapa ndogo. Jina lolote, ila usiniletee la mafumbo, ya mafumbo ninayo. Pesa nitakurudishia mwisho wa mwezi ujao. Mwezi huu hapana, mwezi huu ni stima ya mama na dawa za shosho.

Koti lako liko hapa. Nilikutana nalo Alhamisi iliyopita, rangi ya chungwa, mistari myembamba ya kahawia, sufu mpaka kwenye kola. Zipu nimeshaibadilisha. Limekaa roshani siku sita na sasa liko msumarini nyuma ya mlango wangu, linanukia manukato ya mama mmoja ambaye sitamjua. Bei usiniulize, na Tata usimwambie.