Mifupa ya msituni: maswali yenu ya wiki hii

Wiki iliyopita niligusia tu kwamba watu wa kale hawakuwinda mbugani peke yake, walikuwepo na wa msituni, basi meseji zimemiminika toka Arusha na Moshi na karibu wote mnaulizia mifupa. Nimechukua chache.

Mnajuaje mnyama aliuawa na mtu na sio chui? (Chalii wa Ngaramtoni)

Chalii yangu hapo umegusa penyewe. Zamani hata wataalamu walikuwa wakikuta rundo la mifupa pangoni wanasema hii kazi ya binadamu, kumbe humohumo wamelala chui, fisi, na huyu nungunungu ambae kwa wizi wa mifupa hana mpinzani, anaibeba mpaka kwake anaitafuna ili meno yasimzidi urefu. Siku hizi kila kipande kinapita chini ya lenzi. Jiwe kali likikata nyama linaacha mstari mwembamba wenye umbo la V, na ndani yake kuna vijimistari vidogo sana vinaenda sambamba kwa sababu ukingo wa jiwe hauko laini kama wa kisu cha dukani. Jino la fisi linaacha kishimo, au mfereji wenye kitako cha mviringo. Nungunungu yeye anaacha mifereji mipana imepangana.

Afu unaangalia alama imekaa wapi. Ikiwa kwenye maungio, mtu alikuwa anatenganisha viungo, ikiwa katikati ya mfupa wa paja alikuwa anashusha minofu, na kama mfupa umepondwa na jiwe ukapasuka ungali mbichi basi alikuwa anatafuta uboho. Na utamu zaidi uko hapa: mkato wa jiwe ukipita juu ya alama ya jino, maana yake mnyama mkali alishakula kwanza na mtu akaja kuokoteza, yaani hilo sio windo lake. Siku ukila ndafu hebu uchunguze mfupa kabla hujamtupia mbwa, afu ukauangalie tena akishamaliza, utaelewa kuliko mimi kuandika.

Msituni kuna na tai. Yule mtoto wa Taung, fuvu la mtoto wa jamii ya kale sana ya binadamu lililopatikana Afrika Kusini mwaka 1924, miaka mingi ilisemwa ni mnyama wa ardhini ndo alimmaliza, baadae watafiti wakaona michubuko ya kwenye matundu ya macho inafanana kabisa na ya tumbili walioliwa na tai.

Nimekutumia picha ya mfupa niliochimbua kihambani, ni wa kale? (Machame)

Kaka ule ni wa ng'ombe, na huo mstari ulionyooka kama rula ni msumeno wa buchani. Ila kwa wengine, mkikuta kitu mnachokihisi ni cha kale kweli msiendelee kuchimba. Pigeni picha, acheni palepale, toeni taarifa wilayani au pale makumbusho ya historia asilia kwenye Boma la Wajerumani Arusha mjini. Sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964.

Mbona kila siku Olduvai tu, msitu wetu wa Kilimanjaro hauna mifupa? (Dada wa Marangu)

Dada tatizo ni udongo. Msituni mvua nyingi, majani yanaoza, udongo unakuwa na asidi na asidi inayeyusha mfupa, mchwa na mizizi wanamalizia. Angalia Ivory Coast, mwaka 2025 ilitangazwa kwamba watu waliishi kwenye msitu wa mvua pale miaka 150,000 iliyopita, lakini ushahidi ni zana za mawe na chembe za mimea, mfupa hamna. Ndo maana hii habari tunaipata zaidi kwenye mapango ya mawe ya chokaa, chokaa na majivu ya moto vinapooza ile asidi. Jirani zetu Kilifi wana pango la Panga ya Saidi, watu walikuwa pale miaka 78,000 iliyopita na mpaka kaburi la mtoto mdogo limekutwa.

Kwahiyo msitu kukosa mifupa haina maana ulikosa watu. Mi naona tumezoeshwa mno picha ya mtu na mkuki anakimbiza nyumbu, ya msituni tukayaona ya pembeni.

Msituni nyama iko wapi jamani, si wangekufa njaa? (Mzee wa Sakina)

Shikamoo mzee. Hata wasomi walikuwa na wasiwasi huohuo, kwamba wanyama ni wadogo, wako juu ya miti na wana mbio. Jibu limetoka Sri Lanka, pango la Fa-Hien Lena. Mifupa ya miaka kama 45,000 iliyopita ikachambuliwa, majibu yakatoka 2019, na sehemu kubwa ni tumbili wa mitini na kindi wakubwa, tena wengi ni watu wazima sio vitoto, inaonekana walikuwa wanachagua. Hapohapo zikaokotwa ncha za mifupa zilizochongwa zikachongeka, nyingine zimetengenezwa kwa mifupa ya tumbili haohao waliowala, na mwaka 2020 watafiti wakasema michubuko yake inaonyesha zilirushwa kwa upinde. Tumbili yuko juu kabisa ya mti, huwezi kumkimbiza na rungu mzee wangu.

Mtego wa kamba umeoza zamani, mtajuaje ulitegwa? (Usa River)

Kwa umri wa waliokufa. Meno yanaonyesha mnyama alikuwa na miaka mingapi, na mwenye mkuki huwa anachagua lakini kitanzi hakichagui, kinanasa mtoto, mama, kizee. Pango la Niah kule kisiwa cha Borneo, Asia, mifupa mingi ni ya nguruwe mwitu, na watafiti walipoona kuna wa kila rika wakahisi mitego.

Na aliyeuliza kama watu wa kale waliwinda kakakuona, ndio, Niah mifupa yake imo, mpaka ya aina moja kubwa ambayo leo haipo tena duniani. Wewe usijaribu, ni jela.