Maswali ya Wasomaji: Trekta, Theluji na Njia ya Changarawe

SWALI

Ndugu Mhariri, pokea salamu zetu kutoka nje kidogo ya mji wa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Mwaka huu mimi na mume wangu tumenunua shamba dogo ambalo nyumba yake iko mbali na barabara. Njia ya kuingilia ni ya changarawe, ina urefu wa mita 300 hivi, inapanda mlima mdogo na kupinda mara moja kabla ya kufika uani. Aliyetuuzia ametuachia trekta la nguvu za farasi 35, lenye ndoo ya mbele na bapa la chuma linalofungwa nyuma. Jirani mmoja anatushauri tununue mashine ya kurusha theluji, mwingine anasema bapa linatosha, na wote wawili wanatuonya kwamba tusipokuwa waangalifu changarawe yote itahamia kwenye majani kabla ya masika ya huku kufika. Sisi tumekulia Morogoro, ambako trekta tulilijua kwa kulima na kubeba mazao. Tuanzie wapi?

Msomaji, Maine

JIBU

Ndugu msomaji, ahsante kwa swali lililoelezwa vizuri. Tuanze na uzito wa kazi yenyewe, kwa sababu ndio utakaoamua kifaa. Theluji mpya iliyo kavu ina uzito wa kilo 100 hivi kwa mita moja ya ujazo, na ile yenye maji, ambayo tufani za pwani ya Atlantiki huileta mara nyingi Maine, inaweza kuwa na uzito maradufu au zaidi. Ikianguka theluji ya sentimita 25 juu ya njia ya mita 300 yenye upana wa mita tatu na nusu, mnakabiliwa na mita za ujazo zipatazo 260, yaani tani 26 hata ikiwa ni ile nyepesi. Mzigo huo hauchoteki ndoo kwa ndoo kabla ya saa ya kwenda kazini. Kifaa kinachowafaa ni kile kinachosukumia theluji pembeni huku trekta likiendelea kwenda, na bapa la nyuma, likigeuzwa likae kwa pembe, hufanya hivyo. Ndoo ibaki kwa kazi za mwisho: kufungua mdomo wa njia, kusafisha uani na kurudisha nyuma marundo yanayokaribia kuziba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa mlishike kuliko mengine yote. Kwenye njia ya changarawe, msikusudie kuifikia ardhi. Mwanzoni mwa majira ya baridi udongo bado haujaganda, mawe yamelegea, na chuma kikishuka hadi chini huyakokota pamoja na theluji. Kwa hiyo, katika theluji mbili tatu za mwanzo, inueni bapa sentimita tatu hadi tano juu ya ardhi, kisha mpite juu ya tabaka lililobaki kwa matairi mpaka lishikane. Usiku baridi italikaza, na mkilitunza hivyo mtapata sakafu ngumu inayofunika changarawe, ambayo juu yake bapa litateleza miezi yote ya baridi bila kugusa jiwe. Anayetaka kuona changarawe safi baada ya kila theluji ataikusanya kwa reki kwenye majani mwezi Mei.

Kuna njia kadhaa za kulizuia bapa lisizame. Baadhi ya mabapa huwa na visigino vya chuma pande zote mbili, ambavyo hushushwa ili vibebe uzito na kuacha nafasi chini ya makali. Kama lenu halina, fundi wa kuchomea vyuma anaweza kuwatengenezea. Mabapa mengi ya nyuma pia huweza kuzungushwa kabisa, mgongo wake uliobinuka ukatangulia mbele, na likiwekwa hivyo hupita juu ya mawe badala ya kuyachimba. Kwa upande wa ndoo, wakulima wa sehemu za baridi huchukua bomba la chuma lenye kipenyo cha sentimita tano hadi nane, hulipasua kwa urefu wake, hulivika kwenye makali ya ndoo na kulifunga lisichomoke. Ukingo huo wa mviringo huteleza juu ya changarawe pale ambapo makali yangeuma. Ni kazi ya nusu siku na gharama ndogo, nami naipendekeza hata kabla ya kufikiria kununua kifaa kingine chochote.

Kabla ardhi haijaganda, yaani ifikapo Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, sawazisheni mashimo na matuta ya njia, kwa kuwa bapa hukwama kwenye tuta na kuacha theluji shimoni. Kisha pigeni vijiti virefu vyenye rangi kali au utepe unaong'aa kando zote mbili, kila baada ya mita kumi hadi kumi na tano, na kwa ukaribu zaidi kwenye kona. Wekeni alama pia kwenye ncha za kalavati, mfuniko wa kisima na chochote kilicho chini ya kimo cha goti. Theluji ikishafunika, ukingo wa njia na ukingo wa mtaro hufanana kabisa, na ardhi ikishaganda hakuna kijiti kitakachoingia.

Upana wa njia huamuliwa na theluji ya kwanza, nalo ni jambo ambalo wageni wa baridi hulisahau kirahisi. Rundo mnalolisukumia pembeni mwezi Desemba huganda na kuwa ukuta, na theluji ya Januari itaishia kwenye ukuta huo, ya Februari vivyo hivyo, mpaka njia ya mita nne inabaki ya mita mbili na nusu. Sukumeni mbali tangu siku ya kwanza, mita moja au mbili nje ya ukingo, hata kama inaonekana ni kazi ya bure. Kumbukeni kwamba gari la kuleta mafuta ya kupashia nyumba joto na gari la wagonjwa ni mapana kuliko gari lenu, na ndiyo yanayopaswa kufika siku mbaya kuliko zote. Pale mnapoweza kuchagua upande, sukumeni kuelekea kule upepo unakokwenda. Rundo likiwa upande unakotoka upepo, huupunguzia kasi, nao huangusha theluji yake katikati ya njia yenu.

Kama njia inapita kwenye uwanja wazi, fikirieni uzio wa theluji. Uzio ambao nusu yake ni matundu huufanya upepo utue mzigo wake nyuma ya uzio kwa umbali unaofikia mara 35 ya kimo chake. Kwa hiyo uzio wa mita 1.2 usimame mita 42 hivi kutoka kwenye njia, upande unakotoka upepo. Ukiwekwa karibu zaidi utaijaza njia mliyotaka kuilinda.

Mdomo wa njia una tabu yake. Gari la mji linaposafisha barabara kuu huacha tuta la theluji nzito mbele ya kila lango. Marekani magari hupita kulia, kinyume cha mlivyozoea Morogoro, kwa hiyo mkisimama langoni mkitazama barabara, gari hilo litatokea kushoto kwenu. Safisheni mfuko wa nafasi ukingoni upande wa kushoto, kabla ya lango, ili bapa lake lipunguze mzigo hapo, na theluji yenu irundikeni kulia. Msiivushe wala kuiacha barabarani, kwa kuwa sheria ya Maine inakataza.

Kuhusu mashine ya kurusha theluji, ushauri wangu ni kwamba msiinunue majira haya ya kwanza. Ni kifaa kizuri pale ambapo hakuna tena nafasi ya kusukumia, kwa kuwa huitupa theluji mbali na haiachi kuta. Hata hivyo, kwenye changarawe isiyoganda hurusha mawe kwa kasi inayovunja vioo na kuumiza watu, na visigino vyake lazima vishushwe ili mdomo wake uinuke juu ya mawe. Mkija kuinunua, iwe pana kuliko umbali wa kutoka nje ya tairi moja hadi nje ya jingine. Na kwa vyovyote vile, bomba lake likiziba, zimeni injini, subirini kila kitu kisimame, ndipo mzibue kwa mti. Mkono usiingie humo kamwe.

Kwa mlima wenu, fungeni minyororo kwenye matairi ya nyuma, baada ya kuhakikisha haitagusa vikinga tope wala mabomba ya haidroliki. Bapa lililo nyuma husaidia kulipa trekta uzito unaohitajika ndoo inapojaa, lakini ndoo ibebwe chini muda wote, mkanda ufungwe ikiwa trekta lina fremu ya kumkinga dereva, na mlima usafishwe kuanzia juu kushuka. Penye utelezi mwageni mchanga. Chumvi siipendekezi, kwani itayeyusha ile sakafu mliyoijenga na kuacha tope.

SWALI

Ndugu Mhariri, niko kaskazini mwa Minnesota. Trekta langu huwaka asubuhi bila shida, lakini baridi ikizidi huzimika baada ya dakika chache nikiwa katikati ya njia. Betri ni mpya. Tatizo ni nini?

Msomaji, Minnesota

JIBU

Dalili hizo zinaelekea kwenye dizeli. Dizeli ya kawaida ina nta ndani yake, na joto likishuka kufikia nyuzi 10 hivi chini ya sifuri nta hiyo huanza kuganda na kuziba chujio. Injini huwaka kwa mafuta yaliyokwisha kupita, kisha hukosa mengine. Yaliyomo kwenye tangi lako yawezekana ni ya kiangazi. Ingiza trekta kwenye banda lenye joto mpaka nta iyeyuke, badilisha chujio, kisha jaza dizeli ya majira ya baridi ambayo vituo vya huko huuza. Dawa ya kuzuia kuganda hutiwa kabla ya baridi kuingia. Mafuta yakishaganda haitasaidia. Usipashe tangi wala mabomba kwa moto wa wazi, na usiache injini ikiunguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake unaua. Hita ya injini ya umeme, ikichomekwa saa mbili hadi nne kabla ya kazi, itaipunguzia betri mzigo, lakini haifiki kwenye chujio. Kwa hiyo anza na mafuta.