Kabla hujaongeza moduli nyingine kwenye skripti yako ya Python

Kijana anayeanza Python akiniomba nimtazamie kazi yake, naanza na faili la requirements.txt kabla ya msimbo wenyewe. Humo ndimo naona anategemea kazi za watu gani. Mara nyingi nakuta orodha ndefu ya moduli (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) zisizo na namba za toleo, baadhi hazitumiki tena, na mwenyewe hakumbuki ziliingiaje.

Mimi kazi yangu ni skripti za kusafisha data na kutoa ripoti, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuwa mgumu kwenye jambo hili. Moduli ya nje iingie pale tu inapokuondolea kazi ambayo kweli hupaswi kuifanya mwenyewe.

Python yenyewe inakuja na mengi. Kuna csv, json, sqlite3, pathlib na statistics, na tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020 kuna zoneinfo kwa ajili ya saa za kanda mbalimbali. Kama una faili la CSV la mauzo na unataka kujumlisha safu moja, csv.DictReader na mistari michache chini yake inatosha. Pandas, moduli ya nje ya kuchambua data za majedwali, ni nzuri mno na ninaitumia, lakini haiji peke yake: inaivuta NumPy, moduli ya hesabu, na nyingine kadhaa, makumi ya megabaiti, na wengi wetu tunapakua kwa bando la simu. Hata requests, moduli ya kuwasiliana na tovuti ambayo karibu kila mtu anaiweka bila kufikiri, inaingia na wenzake wanne: urllib3, certifi, idna na charset-normalizer. Ukiwa umeisakinisha kwa pip, programu ya Python ya kusakinisha moduli, andika pip show requests uwaone kwenye mstari wa Requires. Kila mmoja ana watunzaji wake, na wote hao umewapa ruhusa ya kuendesha msimbo kwenye kompyuta yako.

Hapo kwenye ruhusa naomba tukae kidogo. PyPI, ghala la moduli za Python lililoanza mwaka 2003, liko wazi kwa yeyote kupandisha kazi yake, na uwazi huo ndio umeifikisha Python hapa ilipo. Lakini Desemba 2019 iligundulika humo moduli iitwayo jeIlyfish. Isome tena polepole. Herufi ya tatu siyo l ndogo, ni I kubwa. Ile halisi, jellyfish, ni ya kulinganisha maneno yanayokaribiana. Hii ya bandia iliandikwa ili iibe funguo za SSH na GPG, yaani funguo za siri za kuingilia kompyuta nyingine na za kusimba na kutia saini data, na ilikuwa imekaa ghalani karibu mwaka mzima. Mwenzake alikuwa python3-dateutil, aliyejifanya python-dateutil na kuiita ile ya kwanza kimyakimya.

Kwa hiyo usikisie jina. Ni rahisi kukosea kwa sababu jina la kusakinisha na jina la kuita ndani ya skripti mara nyingi hayafanani: unaandika import yaml lakini unasakinisha PyYAML, import cv2 ni opencv-python, import PIL ni Pillow. Programu za akili mnemba nazo hutaja moduli zisizokuwepo kabisa, na mwenye nia mbaya anaweza kulisajili jina hilo akakusubiri. Lichukue jina kwenye nyaraka za mradi wenyewe, kisha fungua ukurasa wake PyPI utazame toleo la mwisho lilitoka lini na kama kuna kiungo cha msimbo wake. Wala usijiambie utasakinisha kwanza ndipo uangalie, maana moduli inayokuja kama msimbo ghafi inaweza kuendesha setup.py yake wakati wa kusakinishwa, kabla hujaandika import yoyote.

Sasa matoleo. Ofisi moja waliniita kwa sababu skripti yao ya ripoti ya mwezi iligoma baada ya kuhamishiwa kwenye kompyuta mpya. Hakuna aliyegusa hata mstari mmoja. Kwenye skrini palikuwa na maneno haya: AttributeError: 'DataFrame' object has no attribute 'append'. Pandas 2.0, iliyotoka Aprili 2023, iliiondoa append, amri ya kuongeza mistari kwenye jedwali (DataFrame), baada ya kutoa onyo tangu toleo la 1.4, na requirements.txt yao ilisema pandas tu, basi pip ikaleta ile mpya. Tulibadilisha sehemu tatu kutumia pd.concat, ripoti ikatoka mchana huohuo. Tangu hapo faili lao linasema pandas== na namba kamili, na toleo la Python limeandikwa juu yake, kwa sababu moduli ya zamani inaweza kukataa Python mpya.

Kila mradi uwe na mazingira yake, yaani folda yenye moduli zake peke yake: python -m venv .venv, uyawashe, ndipo usakinishe. Debian 12 na Ubuntu za karibuni (mifumo ya Linux) zinakataa pip iguse Python ya mfumo na kukuonyesha externally-managed-environment. Mtandaoni utashauriwa uongeze --break-system-packages. Usifanye hivyo, Python hiyo inatumiwa na zana za mfumo wenyewe.

Na kama intaneti yako ni ya kubahatisha, pakua mara moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri:

pip download -r requirements.txt -d moduli

Nakili folda hiyo kwenye flashi, kisha kwenye kompyuta nyingine:

pip install --no-index --find-links moduli -r requirements.txt

Nimewawekea wenzangu wa mikoani kwa njia hii bila kutumia bando lao hata kidogo. Hakikisha tu kompyuta zote mbili zina mfumo endeshi mmoja na toleo moja la Python, maana NumPy iliyopakuliwa kwa ajili ya Windows haiingii kwenye Linux.