Kwa mnaoanza kuwaandikia ajenti wa AI zana za tiketi

Wadogo zangu, nimepitia kazi zenu za wiki hii na nimekuta zana (kipande cha programu ambacho ajenti anakiita afanye kazi) inaitwa "simamia_tiketi". Maelezo yake: "Inasimamia tiketi." Sasa hapo umesema nini? Mimi mwenyewe niliyeishi na Jira, programu ya kufuatilia kazi za timu ambamo kila kazi ni tiketi, miaka nenda rudi sijui kama inafungua, inafunga au inafuta. Ajenti ndiyo kabisa. Hasomi kodi yako ya programu, hakuwepo kwenye standapu, kile kikao kifupi cha timu. Anaona jina, maelezo na vigezo vya kujaza, basi. Nawapenda, lakini hili tumeshaliongea.

1. Jina liwe kitendo kimoja: "tafuta_tiketi", "ongeza_maoni". Maelezo yakidai "na pia" mara mbili, hizo ni zana tatu.

2. Sema zana inaifanyia nini data iliyopo tayari. Hapa ndipo nilipoungulia mimi, tena vibaya.

Nilikuwa namtengenezea mteja zana ya lebo. Nikaandika kwa kujiamini: "Inaweka lebo kwenye tiketi." Kichwani nilimaanisha kuongeza. Lakini kwenye API ya Jira (mlango ambao programu nyingine huongea nayo), ukituma lebo ndani ya sehemu ya "fields", orodha yako inafuta iliyokuwepo na kukaa mahali pake. Kuongeza kunapitia sehemu ya "update". Na nilijua! Ila njia ya kwanza ilikuwa na kodi fupi, nilikuwa na haraka, na tiketi yangu ya majaribio haikuwa na lebo hata moja, kwa hiyo kila jaribio lilipita. Msimamizi wa mradi akamwambia ajenti aweke lebo ya "robo-ya-tatu" kwenye tiketi zote zilizobaki. Akaweka, moja baada ya nyingine, kwa adabu zote, akaripoti kwamba amefanikiwa.

Bodi ya mteja ilikuwa inachujwa kwa JQL, lugha ya kutafutia tiketi ndani ya Jira, kwa lebo ya timu. Lebo ya timu haipo, tiketi hazionekani. Asubuhi yake, demo inakaribia, watu wanafungua bodi nyeupe pe. Simu inaniita nimebanwa mlangoni kwenye mwendokasi, laptop iko kwenye begi, begi liko chini ya kwapa la mtu. Mteja anauliza kazi zake zimeenda wapi. Nikamjibu, "Hebu fungua upya ukurasa." Mpaka leo nikikumbuka jibu lile najificha uso.

Ofisini nikasema modeli ya AI iliyo ndani ya ajenti imechanganyikiwa. Dada aliyekuwa kiongozi wetu hakubishana. Aliniambia niyasome maelezo ya zana kwa sauti mbele ya timu. Nikasoma. Akauliza, "Wewe ungefanya nini tofauti na alichofanya?" Sikuwa na jibu. Bahati nzuri historia ya kila tiketi ilikuwa na lebo za zamani, tukaandika skripti ya kuzirudisha, na kila lebo iliyorudi ikawapelekea wafuatiliaji wa tiketi barua pepe nyingine. Leo maelezo yanasema: "Inaongeza lebo kwenye tiketi moja bila kugusa zilizopo. Kutoa lebo, tumia ondoa_lebo."

3. Hali ya tiketi kwenye Jira haiandikwi tu, inahamishwa, na njia za kuhamia zinategemea iko wapi sasa. Mwambie ajenti aanze kuorodhesha njia zilizopo, la sivyo atabuni namba ya njia kwa ujasiri wa dalali wa nyumba wa Sinza.

4. Kila kigezo kipe mfano. Tarehe ni 2025-09-30. Anayepewa kazi kwenye Jira ya mtandaoni ni kitambulisho cha akaunti, siyo "yule wa mobile", kwa hiyo iwepo zana ya kumtafuta mtu kwanza. Kwenye Linear, programu nyingine ya tiketi, kipaumbele 1 ni dharura, 4 ni cha chini, 0 hakijawekwa. Usipoandika, ajenti atadhani 4 ndiyo kubwa.

5. Saa. Hili ni letu wenyewe. Mtu wa Dar akiandika "nikumbushe kesho saa tatu asubuhi" anataka 09:00. Kuna mwenzenu, simtaji, ajenti alimwekea 03:00. Simu ikalia saa tisa usiku, akadhani serva imeanguka, akawasha laptop na kuanza kusoma logi kitandani. Andikeni kwenye kigezo: mfumo wa saa 24, UTC+3, na saa iliyotajwa kwa Kiswahili igeuzwe kwanza.

6. Ujumbe wa kosa nao anausoma. Namba ya kosa "400" peke yake haimwambii kitu. Sema kigezo gani kimekosekana.

7. Alama za MCP (kiwango cha kuunganisha ajenti na zana) zinazosema zana inasoma tu au inaharibu ni vidokezo, hazizuii chochote. Zana ya kufuta tiketi sitaipitisha bila uthibitisho wa binadamu, msinibembeleze.

8. Jaribuni kwenye mradi wenye uchafu wa kweli: tiketi zenye lebo, zilizofungwa, zisizo na mwenyewe. Nimeshautengeneza. Ombeni ruhusa kwangu kabla ya Ijumaa mchana, maana baada ya hapo sishiki simu.