Muulize Nesi: Wasichana wanaanguka mmoja baada ya mwingine

Swali: Shikamoo mama. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Wiki iliyopita msichana mmoja alianguka wakati wa prepo akipiga kelele. Kufikia Ijumaa walikuwa kama ishirini. Zahanati wamepima malaria, hakuna. Wazazi wengine wanasema mapepo, wengine wanasema watoto wanajifanya. Ugonjwa usio na kidudu unaambukizaje? Nikamchukue?
*Mzazi, Kilosa*

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwanza, hawajifanyi. Anayeambiwa anajifanya huzidi kuanguka.

Nikisikia habari hizi naikumbuka Kashasha, kule Muleba. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni walianza kucheka wakashindwa kunyamaza. Kicheko, kilio, kuhangaika huku na huko. Wengine saa chache, wengine hadi siku 16. Kati ya wanafunzi 159 waliugua 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Watoto wakarudishwa makwao, na ugonjwa ukafuatana nao: Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walipatwa kati ya Aprili na Mei. Madaktari Rankin na Philip walipima damu, maji ya uti wa mgongo, hata chakula. Hawakupata sumu wala virusi, na hakuna aliyekufa.

Lakini walimu hawakuugua hata mmoja! Walikuwa chini ya bati lilelile, wakivuta hewa ileile. Kidudu hakimwogopi mwalimu. Kilichokuwa kikipita ni hofu, na hofu hiyo hupita kwa anayejiona katika mwenzake. Msichana anamwona wa rika lake, anayelala kitanda cha juu yake, ameanguka. Mwili uliokwisha kuchoka nao unafuata.

Kwa hiyo usikimbilie kumchukua kama hajaanguka na mwenyewe anataka kubaki. Walioanguka wapumzike mbali na macho ya watu, wasirundikwe chumba kimoja. Mwenye homa, aliyeng'ata ulimi au asiyerudiwa na fahamu apelekwe hospitali, hiyo ni habari nyingine. Kisha mtu wanayemwamini awaulize, mmoja mmoja, wanaogopa nini: mtihani, fimbo, au mtu anayewasumbua usiku. Hilo la mwisho msilipite haraka.

Maombi sina ugomvi nayo, nami nasali. Ila kuwaombea walioanguka mbele ya paredi nzima ni kuwafundisha waliosimama namna ya kuanguka. Na zile video, maana najua zipo, zifutwe leo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Watoto wakija likizo watazikuta humo, na wadogo zao pia.