Wimbo wa uchungu wa mtu: nani anaruhusiwa kuurudia?

Wakuu, swali lililoletwa ni kama kuna nyimbo ambazo ni za mtu binafsi mno hata msanii mwingine asithubutu kuzirudia. Wengi wamejibu kwamba nyimbo za msiba na za mapenzi yaliyovunjika ziachiwe wenyewe, kwa sababu uchungu wa mtu haukopeshwi.

Mimi siafiki. Nyimbo zilizofungwa zipo, ila ni chache kuliko tunavyodhani, na kinachozifunga si uchungu wa mtunzi. Ni vitu unavyoweza kuvipigia mstari kwa kalamu ukishanukuu maneno kwenye karatasi: majina ya watu halisi, nafsi ya anayesema, na habari ambazo msikilizaji anazijua kabla gitaa halijaanza kulia.

Tuanze na "Malaika". Kijana amependa, mahari hana, anamwambia mpenzi wake kwamba angemuoa kama si umaskini. Ni aibu ya mtu wa ndani kabisa. Fadhili William ndiye aliyeuvumisha kwa rekodi yake Kenya, na ubishi wa nani aliutunga kati yake na Adam Salim haujaisha. Pamoja na hayo, Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika albamu yao ya 1965, Boney M. wakautoa 1981, Angélique Kidjo akaurekodi 1991, na bendi za hoteli pwani nzima wanaupiga hadi kesho. Umewezekana kwa sababu ndani yake hakuna jina. Anayependwa anaitwa malaika, baadaye kidege. Kila mwenye wake anamweka hapo.

Sasa tazama kinachompata mwanamke akiuimba. Kwa Kiswahili mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. "Ningekuoa" ina silabi tano: ni-nge-ku-o-a. Mwimbaji wa kike anayetaka wimbo umhusu yeye ataona "ungenioa" nayo ni silabi tano, u-nge-ni-o-a, inakaa kwenye melodi bila kusukuma noti hata moja. Anafurahi, anaibadilisha. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu mahari hatoi mwanamke. Kwa hiyo "sina" lazima iwe "huna", "nashindwa" iwe "washindwa", na "nami nifanyeje" iwe "nawe ufanyeje". Mizani yote imetimia, silabi kwa silabi, lakini wimbo umegeuka. Ulikuwa ungamo la maskini, sasa ni masuto ya mwanamke kwa mwanamume asiye na kitu. Makeba aliacha "ningekuoa" vilevile, na nadhani ndiyo njia iliyo sahihi: mwanamke anamsemea kijana, kama waimbaji wa kike wa taarabu wanavyoimba mashairi yaliyotungwa na wanaume bila mtu kushangaa.

Taarabu ina somo kubwa hapa. Shairi la mafumbo linatungwa likiwa na mlengwa, mara nyingi mtu anayejulikana mtaani, lakini jina halitajwi. Ukumbini mama mmoja anainuka na noti mkononi, anacheza polepole hadi kwa mwimbaji, anamtunza hasa pale kwenye ubeti unaomchoma hasimu wake. Kwa dakika ile wimbo ni wake. Mtunzi alikusudia nani, hilo halimhusu mama yule. Fumbo ndilo linaloruhusu maumivu ya mtu mmoja yatumiwe na mia. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kwa wimbo wowote: je, maumivu yamefumbwa au yametajwa?

Yakitajwa si lazima mlango ufungwe. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliimba "Kijiti", habari ya mgeni kutoka Bara aliyeuawa Unguja akiwa mjamzito, na muuaji akatoroka. Jina la mtuhumiwa limo, tena ndilo jina la wimbo. Miaka mingi baadaye Bi Kidude, naye mwimbaji wa Zanzibar, akauimba, na hakuna aliyesema ameingilia msiba wa watu. Sababu ni nafsi. Siti hakuimba kama mfiwa. Aliimba kama shahidi, na ushahidi unapokewa na kupitishwa. Ukiona wimbo wenye majina unasimulia kwa nafsi ya tatu, na unadai haki, kuurudia ni kuendeleza kazi yake.

Mgumu kweli ni ule wenye "mimi", mlengwa mmoja, na habari inayojulikana na kila mtu. Mfano wake ni "Tears in Heaven" wa Eric Clapton. Mtoto wake Conor, wa miaka minne, alianguka kutoka ghorofa ya 53 jijini New York, Machi 1991. Ndani ya maneno hakuna jina wala ghorofa, ila msikilizaji anaingia nayo. Watu wanautumia huu kama ushahidi wa wimbo usioguswa. Lakini Clapton hakuutunga peke yake. Alimwita mtunzi mwingine, Will Jennings, na Jennings alimwambia kwamba jambo lile ni lake mno, aandike mwenyewe. Clapton akasisitiza, wakaandika pamoja. Maana yake tangu siku ya kwanza mkono wa mtu asiyefiwa ulikuwemo. Mwaka 2004 Clapton aliacha kuupiga jukwaani kwa sababu hakuwa tena na hisia ile ya kufiwa, ingawa baadaye aliurudisha. Mwaka 2005 kundi la wasanii wakubwa wakaurekodi upya kuchangia waathirika wa tsunami ya Desemba 2004. Wimbo wa mtoto mmoja ukabeba watoto wengi, na maneno hayakuhitaji kupindwa.

Upande wa pili kuna "Hurt". Trent Reznor wa Nine Inch Nails aliutoa 1994, hajafika miaka 30. Johnny Cash akautoa 2002 akiwa na 70. Angalia alichogusa na alichoacha. Katika maneno alibadilisha kimoja tu: taji lililotajwa kwa tusi likawa taji la miiba. Katika muziki, Reznor aliweka noti zinazogombana makusudi, zinakera sikio. Cash na prodyuza Rick Rubin waliondoa ugomvi huo, ubeti ukabaki na kodi (noti zinazopigwa pamoja) tatu za gitaa, A ndogo, C na D, ambazo mwanafunzi hujifunza mwezi wa kwanza. Hakuna mahali Cash anapoiga maumivu ya yule kijana. "Mimi" ya wimbo ilikuwa wazi, akaikalia kwa uzee wake. Reznor mwenyewe, baada ya kuona video, alikiri kwamba wimbo ule haukuwa tena wake.

Basi kwa anayetaka kupiga kopi ya wimbo wa aina hii, kazi iende hivi.

Nukuu maneno yote kwa mkono, si kwa kunakili mtandaoni, maana mengi yaliyoko mtandaoni yamesikilizwa vibaya. Piga mstari chini ya kila jina la mtu, mahali na tarehe. Zungushia duara kila kiambishi cha nafsi: ni-, u-, a-, na vya mtendwa -ni-, -ku-, -m-. Halafu hesabu silabi za kila kipande na uangalie vina. Usibadilishe neno kabla hujamaliza hesabu hii, kwa sababu nafsi moja ikihama inavuta nyingine kama tulivyoona kwenye "ningekuoa". Jina la mtu halisi likiwa kwenye kina usiweke jina la mtu wako. Ni afadhali uutoe ubeti mzima. Nyimbo za beti zinavumilia kupungukiwa ubeti mmoja, hazivumilii jina la kubandika.

Kisha amua unaimba kama nani: msimulizi, shahidi, au mwenyewe. Ukichagua mwenyewe, uwe na jambo lako halisi la kuweka pale. Usipokuwa nalo, imba kama msimulizi, uso umetulia. Wengi huharibu hapa: wanaiga kwikwi, mkwaruzo wa koo na pumzi za mwenye wimbo. Kilio cha yule kilitokea mahali pale kwa sababu pumzi ilimwishia, na wewe pumzi haijakuishia. Msikilizaji anaisikia tofauti hiyo mara moja.

Ufunguo. Mwanamke akirudia wimbo wa mwanamume, au kinyume chake, kwa kawaida uhame nusu toni (hatua ndogo kabisa ya kinanda) 5 hadi 7. Kubaki kwenye ufunguo uleule na kuimba oktavu moja juu kunafanya kila mstari uwe kilele, na maombolezo yanakuwa kelele. Wimbo wa taarabu wenye robo toni usiuhamishie kwenye kinanda cha kawaida au gitaa lenye pau (vyuma vinavyogawa noti shingoni) ukategemea utabaki uleule. Udi na fidla havina pau shingoni, ndiyo maana vinafika noti ambazo vile vingine vinaruka.

Mwendo. Pima wa asili kwa metronomu, uandike namba, anza hapohapo. Kosa la kawaida ni kupunguza mno ili wimbo "uhuzunishe". Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Ukizivuta kupita kiasi maneno yanayeyuka na kubaki aa na oo. Tena mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "ningekuoa" mkazo uko kwenye "o", na mpangilio mpya ukiupeleka kwenye "ku" au "nge" msikilizaji anasikia mgeni anayesoma maneno asiyoyaelewa. Imba kwa kuongea kwanza, bila ala, mara nyingi, ndipo ulete besi na rizimu.

Sebene, ile sehemu ya mwisho ya magitaa ya kuchezesha, kwenye wimbo wa kifo ni suala la kupima. Bendi zetu zina mazoea ya kuchemka mwishoni, na katika dansi watu wamecheza nyimbo za huzuni tangu zamani, hilo halina kosa. Kosa ni kutaja majina ya mapedeshee, yaani matajiri wanaotunza bendi, juu ya gitaa la solo katika wimbo wa mtoto wa mtu aliyekufa. Hilo linaumiza wafiwa kweli, na hakuna maelezo yanayolifuta.

Zilizofungwa hasa ni zipi? Kwangu ni nyimbo za unyago zenye mafunzo ambayo asiyechezwa hapaswi kuyasikia. Bi Kidude alipiga ngoma ya unyago jukwaani, lakini yeye alikuwa kungwi, mamlaka alikuwa nayo. Ya pili ni wimbo unaomtaja mtoto mdogo au mtu wa kawaida aliye hai ambaye hakuomba kujulikana. Ya tatu ni pale mwenyewe au familia imesema hapana, hata kama sheria ingekuruhusu.

Kuhusu sheria, watu wanachanganya vitu viwili: utunzi na rekodi. Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa dansi, alifariki Januari 1979, hivyo tungo zake zinalindwa hadi 2029, na ruhusa ni ya warithi. Mtunzi pia ana haki ya kutajwa, na ya kupinga kazi yake ikipotoshwa, kwa hiyo ile "sina" kuwa "huna" iombee ruhusa kwa maandishi kabla ya kuingia studio. Ukipiga upya kila ala huhitaji ruhusa ya mwenye rekodi, ila ukikata hata sekunde chache za kanda ya zamani unaihitaji, na rekodi nyingi za bendi zetu zilifanyiwa Radio Tanzania. Marekani mambo ni tofauti: wimbo ukishatolewa, mwingine anaweza kuurekodi kwa leseni ya lazima bila kumwomba mtunzi, ali mradi alipe na asibadilishe melodi ya msingi. Leseni hiyo haihusu video. Usiichukue kama kanuni ya huku.

Ukienda kwa familia, usipeleke barua tupu. Peleka rekodi ya sauti na gitaa moja, pamoja na karatasi yenye maneno ya asili upande mmoja na yako upande wa pili, yaliyobadilika yamepigiwa mstari. Waache wasikilize bila wewe kuwapo. Wakikataa ubeti mmoja utoe huo, na jina la mtunzi liandikwe kwanza, juu ya lako, kwenye kila mahali wimbo unapopandishwa.